Kotesheni za dawa ya mchwa: nilinganishe nini?

FremuMpya: Wakuu, nyumba ipo Kibaha, inakaliwa, mzunguko wa nje mita 40. Kotesheni 3 zinapishana karibu mara tatu. Ya chini imeandikwa tu "kupiga dawa nyumba nzima". Niangalie nini?

Jamvi: Anza na lita, siyo bei. Kuzunguka msingi, kipimo cha kawaida ni lita 5 za mchanganyiko wa dawa na maji kwa kila mita, kwa kila sentimita 30 za kina. Kwako ni lita 200 kwa kina hicho tu. Fipronili (kemikali ya kuua mchwa) ya 2.5% ikichanganywa na maji ifike 0.06% ni mililita 24 kwa lita, yaani lita 4.8 za dawa. Anayekuja na chupa ya lita moja na bomba la mgongoni atalowesha ukuta tu, na mchwa wanapita ardhini.

KenchiSafi: Uliza pia kama wanatoboa sakafu. Baraza iliyogusana na ukuta itobolewe kila sentimita 30, matundu yajazwe dawa, yazibwe kwa saruji. Kotesheni isiyotaja matundu irudishe.

Jamvi: Na jina la kiambato, yaani kemikali iliyomo kwenye dawa, liandikwe. Bifenthrini hufukuza mchwa, kwa hiyo upenyo wowote uliokosa dawa watautumia. Fipronili hawaihisi, wanapita na kuambukizana sumu. Kama kuna kisima karibu, waambie kabla hawajachimba mfereji wa kumwagia dawa kando ya msingi.

FremuMpya: Dhamana ya miaka 5 je?

KenchiSafi: Soma kama ni kupiga dawa upya bure au kukagua tu. Ukichimba bustani kando ya ukuta baadaye, ukanda wa dawa umekatika.