Mfumuko wa bei ulishapungua, kwa nini vyama tawala vilianguka 2024?

Mwalimu wa Uraia, Tabora

Wakuu, heshima kwenu. Nawapitisha kidato cha nne kwenye chaguzi za 2024 na orodha imejaa ubao. Machi, Senegal: Bassirou Diomaye Faye anatoka gerezani, siku kumi baadaye wananchi wanampa urais kwa asilimia 54. Mei, ANC ya Afrika Kusini inaporomoka kutoka asilimia 57 hadi 40. Juni, India, chama cha Modi kinaambulia viti 240 wakati wingi wa bunge unaanzia 272. Julai Uingereza, Oktoba Japani na Botswana, Novemba Mauritius na Marekani, Desemba Ghana.

Binti mmoja wa nyuma kabisa akanyoosha mkono: "Mwalimu, umesema bei zilipaa 2022. Sasa 2024 mfumuko ulishapungua sehemu nyingi. Mbona watawala wanaadhibiwa wakati mambo yanatengemaa?" Swali zuri mno. Nataka nimjibu kwa mifano ya watu wanaoishi huko, maana takwimu anazo tayari. Mlioko nje, naombeni msaada.

Dada wa Birmingham

Shikamoo mwalimu. Mwambie huyo binti kwamba mfumuko kupungua maana yake bei zinapanda polepole. Hazirudi zilikotoka.

Nyumba ninayopanga ina mita ya kulipia kabla, kama LUKU ya huko nyumbani. Mwishoni mwa 2021 kikomo cha bei ya umeme na gesi kilichowekwa na mdhibiti kilikuwa pauni 1,277 kwa mwaka kwa nyumba ya matumizi ya kawaida. Vita vya Ukraine vikaja, gesi ikapaa, na Oktoba 2022 mfumuko ukafika asilimia 11.1. Tulipopiga kura Julai 2024 mfumuko ulikuwa umeshuka hadi asilimia 2 na mawaziri wanajisifu kwenye televisheni. Kikomo cha umeme na gesi je? Pauni 1,568. Ni nafuu kweli ukilinganisha na kilele, lakini mimi nalinganisha na kabla ya balaa. Mama jirani yangu, mstaafu, bado alikuwa anapasha moto chumba kimoja tu. Nani amwambie mambo yametengemaa?

Fundi Gabs

Mwalimu, mimi ni Mtanzania, nina gereji Gaborone, maeneo ya Broadhurst. Dada ameeleza upande wa bei, na ameeleza vizuri. Kwetu huku kilichouma zaidi ni kukauka kwa pesa.

Botswana inakula almasi. Debswana ni ubia wa nusu kwa nusu kati ya serikali na De Beers, na migodi ya Jwaneng na Orapa ndiyo inayojaza hazina. Soko la dunia likadorora, wanunuzi wa China wakapungua, almasi za maabara zikaingia kwa bei ya kutupa. Kwenye gereji niliona mapema. Wateja wa Jwaneng wanaolipa taslimu wakaanza kuniambia "badilisha oili tu, breki tutaona mwezi ujao." Gari lenye breki zinazosaga chuma! Wenye tenda za serikali nao wakawa wanasubiri malipo miezi na miezi. Vijana wenye shahada wanakuja kuomba kuosha magari.

Tarehe 30 Oktoba watu wakapiga kura. BDP, iliyotawala tangu uhuru 1966, ikatoka viti 38 hadi 4. Vinne, mwalimu! Ijumaa asubuhi, kabla hesabu haijakamilika, Rais Masisi akakubali kushindwa, na siku hiyohiyo Duma Boko wa upinzani akaapishwa. Mimi nilifungua gereji kama kawaida. Hakuna aliyechoma tairi.

Mweleze pia binti kwamba BDP ilipata kura kama asilimia 30. Hazikuwa chache, ila zilitawanyika majimboni, na mfumo wetu humpa kiti aliyeongoza jimboni pekee. Ndiyo sababu anguko linaonekana kubwa kuliko hasira yenyewe.

Mkenya wa Umoja

Sisi hatukuwa na uchaguzi 2024 lakini tuliingia barabarani mwaka huohuo. Mswada wa fedha ulitaka VAT ya asilimia 16 kwenye mkate. Waliuondoa mkate tarehe 18 Juni, na bado vijana walijaa barabarani tarehe 25. Watu waliuawa. Kesho yake Rais akakataa kuutia saini. Deni la nje ndilo lililokuwa likisukuma zile kodi, na vijana walilijua hilo, walisoma mswada ukurasa kwa ukurasa.

Ila wazee, mbona Mexico chama tawala kilishinda? Mgombea wake, Sheinbaum, alipata karibu asilimia 60. Mfumuko si ulifika huko pia?

Fundi Gabs

Ulifika, ndugu yangu. Ila angalia mishahara. Kima cha chini cha Mexico mwaka 2018 kilikuwa peso 88 kwa siku, 2024 kikawa karibu 249. Bei zilipanda na mfuko wa mfanyakazi ukapanda zaidi. Boko naye aliahidi pula 4,000 kwa mwezi, na mafundi wangu waliikariri hiyo namba kuliko jina la mbunge wao.

Na mwalimu, usiiache Msumbiji. Walipiga kura Oktoba hiyohiyo, chama tawala Frelimo kikatangazwa na tume ya uchaguzi kuwa mshindi kwa asilimia 70, wafuasi wa mgombea wa upinzani Venâncio Mondlane wakakataa matokeo, damu ikamwagika hadi mwaka uliofuata. Ugumu wa maisha ule ule, vijana wasio na kazi wale wale. Mimi naamini tofauti kubwa ilikuwa kwenye kuhesabu. Huku Gaborone mtu aliyekasirika aliamini karatasi yake itahesabiwa, kwa hiyo alipanga foleni. Maputo wengi hawakuamini.

Mwalimu wa Uraia, Tabora

Fundi, nitaanza na zile breki za Jwaneng, halafu mita ya dada. Mkenya, kama unayo nakala ya ule mswada, nitumie kwenye sanduku la ujumbe. Nataka wausome wenyewe.