Likizo za HCA (wasaidizi wa wauguzi) Uingereza: tupeane uzoefu wa kupiga hesabu

Mlezi_Leeds: Wakuu, leo kantini nimemkuta binti mgeni machozi yanamlengalenga. Barua ya ajira imeandika siku 27 na sikukuu 8, kwenye mfumo anaona shifti 22 tu. Mlio NHS (hospitali za serikali), mlifanyaje mara ya kwanza?

Kijana_Coventry: Wizi mtupu! 27 na 8 ni 35, 13 zimeenda wapi?

MzeeWaRota: Hakuna wizi, dogo. Siku moja ya mkataba ni saa 7.5. Mara 35, unapata 262.5. Shifti ndefu inalipwa saa 11.5, gawanya, inakuja 22 na chenji. Wewe unaingia mara tatu kwa wiki, karani anaingia mara tano, lakini wote mnapumzika wiki 7. Ukitimiza miaka 5 zile 27 zinakuwa 29, ukitimiza 10 zinakuwa 33.

Kijana_Coventry: Una hisa huko nini, mzee?

Mama_Wawili: MzeeWaRota yuko sahihi. Daima tumia saa.

BintiTanga: Saa zenyewe ziandikwe sawasawa sasa. Nilianza Aprili na mkataba wa saa 22.5 kwa wiki, Oktoba nikapandishwa 37.5. Mama akafariki Novemba. Msibani sikuwahi, nikasema basi arobaini lazima nifike Tanga. Naomba likizo, mkuu wa wodi ananigeuzia kompyuta: saa zako zimeisha. Mfumo bado ulikuwa na 157.5 za mkataba wa mwanzo, yaani wiki 7 mara 22.5! Nusu mwaka kwa mkataba wa zamani ni 78.75, nusu kwa mpya 131.25, jumla 210. Saa 52.5 zimekaliwa na mtu aliyesahau kubonyeza kitufe. Nikamwandikia mezani kwake, kwenye karatasi ya chati ya maji. Akasema atauliza. Majibu yalikuja Januari, arobaini imeshasomwa, mimi nafuatilia kwa simu nimejifungia chumba cha mashuka.

Mama_Wawili: Pole sana mdogo wangu. Mungu amrehemu mama.

Kijana_Coventry: Mimi ningepiga simu naumwa, nakwea ndege.

Mlezi_Leeds: Usimpoteze mwenzio, picha za Tanga zikionekana mtandaoni na kazi imekwenda!

Sauti_ya_Pwani: Ila arobaini si lazima kidini.

BintiTanga: Nimekuuliza?

Mama_Wawili: Sauti, hapa tunaongelea likizo.

Muheza_Zahanati: Nyie mnalia na wiki 7! Huku sheria ni siku 28, na sikukuu ikiangukia humo imeliwa. Nauli ya likizo kwa mtumishi wa umma kila miaka miwili, na uisubiri.

Nyumba_ya_Wazee: Sisi tusio NHS ni 28 pia, sikukuu zikiwemo. Mimi sina saa maalumu, napigiwa asilimia 12.07 ya saa nilizofanya: saa 100, likizo 12. Pesa yake wananilipa kila mwezi, na kisheria lazima ionekane mstari wake peke yake kwenye slipu. Kwangu haionekani.

MzeeWaRota: Dai kwa maandishi leo hii.

Kijana_Coventry: Hama tu.

Mama_Wawili: Ahame na viza imeshikwa na mwajiri huyohuyo? Binti, zile 52.5 ulirudishiwa?

BintiTanga: Zote. Kwa sharti nizimalize kabla ya 31 Machi, na rota ya Machi ilishajaa.