Mjadala: Burundi ikifanye Kiswahili lugha rasmi?

Mleta mada: Wadau, sheria ya lugha ya Burundi ya 2014 inataja lugha rasmi tatu: Kirundi, Kifaransa na Kiingereza. Kiswahili hakimo, na nchi imo ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2007. Rwanda ilishakifanya rasmi 2017. Burundi nayo ifuate?

Mchangiaji 1: Ifuate, tena imechelewa. Lori la mzigo kutoka Dar es Salaam linavuka Kabanga upande wa Tanzania na Kobero upande wa Burundi. Dereva, wakala wa forodha na wapakuaji wote wanaelewana kwa Kiswahili, kisha karatasi zinajazwa Kifaransa. Asiyejua kutenganisha, kwa Kifaransa hicho, uzito wa jumla, pamoja na vifungashio, na uzito wa bidhaa yenyewe, hesabu yake itagongana na mzani na lori litalala mpakani.

Mchangiaji 2: Napinga, na ushahidi wangu ni ramani. Kiswahili cha Burundi kimekaa chini, ukanda wa Imbo, tambarare ya magharibi kando ya Ziwa Tanganyika: Buyenzi mjini Bujumbura, Rumonge, Nyanza-Lac. Huko watu wanatazamana na Kongo na Kigoma. Panda mgongo unaogawa maji ya Kongo na Nili, mita 2,000 na zaidi, ufike Muramvya au Mwaro: ni Kirundi kilima kwa kilima. Fomu ya Kiswahili itamfaa wa ziwani. Wa mlimani ataendelea kutafuta wa kumsomea.

Mchangiaji 3: Mkuu, wa mlimani Kiswahili nusu anacho tayari, ila shule inamfundisha kana kwamba anaanza sifuri. Umuntu na abantu, mtu na watu: hapo pana umbali gani? Kazi iko kwenye mitego. Kirundi hakitofautishi r na l, kwa hiyo mtoto anaandika "mahari" akikusudia mahali, na "kura" akikusudia kula. Pili, ku- ya kitenzi hugeuka gu- mbele ya t, s, k au p, ndiyo maana daftari linajaa "gutoka" na "gupika". Maneno pacha ndiyo mabaya zaidi: umuti ni dawa, igiti ndio mti, na kiti chetu kwao ni intebe. Halafu ejo ni jana na ni kesho pia, kitenzi ndicho kinachoamua. Utakuta "kesho nilienda". Wiki za mwanzo ziwe za sikio tu, jozi za r na l, kabla mtoto hajashika kalamu. Ngeli zifuate, Kirundi na Kiswahili ubao mmoja, safu mbili.

Mchangiaji 2: Kwenye ufundishaji sikupingi. Ila lugha nne kwa mtoto mdogo ni mzigo. Ipi isubiri?

Mchangiaji 3: Kiingereza. Aliyejua kusoma Kirundi anasoma Kiswahili karibu bila kufundishwa herufi upya. C yake, kwa mfano, ndiyo ataandika ch.