Canter ya 4D32 inawekwa 4D34 ya tabo: ekzosi ipangwe vipi?

MbaoMafinga
Habari wakuu. Nina Canter iliyokuja na injini ya 4D32, ile isiyo na tabo (turbo, feni inayosukumia injini hewa). Imechoka, inakula oili kama inalipwa. Nimepata 4D34 ya tabo pamoja na gia boksi yake, na imeshakaa kwenye chasisi. Kazi yangu ni mbao, Mafinga kwenda Dar. Tatizo ni kwamba ekzosi ya zamani haikutani kabisa na mdomo wa tabo. Fundi mmoja anataka kuunga kipande hapo kati, mwingine anasema ing'olewe yote ijengwe mpya ya inchi 3. Wote wawili wananiambia ekzosi breki niachane nayo, eti inasumbua. Nimsikilize nani?

Kipisi_TZ
Mkuu kata silensa, piga bomba moja kwa moja mpaka nyuma. Tabo inataka kupumua. Ukipanda mlima Kitonga utaniletea soda.

FundiGerezani
Huyo wa juu anaongelea kupanda. Wewe kijana, mzigo wako Kitonga unashuka.

Habari ya silensa tuiweke pembeni kwanza. Ekzosi inapangwa kuanzia mdomo wa tabo kurudi nyuma, na haipimwi kabla mauntini za injini hazijakazwa, propela haijafungwa na kebini haijashushwa. Wapo wanaopima kebini ikiwa imeinuliwa, siku ya kuishusha bomba linalalia shafti ya usukani. Chukua nondo ya milimita 6, ikunje ifuate njia unayotaka bomba lipite. Inua kebini, ishushe, zungusha usukani mpaka mwisho pande zote. Nondo isipogusa kitu, mkabidhi mchomeleaji aifuate hiyo hiyo. Mirija ya breki, waya na tanki viachie nafasi ya ngumi. Pasipowezekana, kinga joto kwa kipande cha bati.

Ekzosi breki usiitupe. Kile kibati cha ndani ya bomba kikifunga, moshi unakosa pa kutokea, pistoni zinausukuma kwa shida, na gari linashikwa bila kuchosha ngoma za breki. Inasumbua kwa sababu watu wanaifunga pasipo mahali pake. Ikae karibu na tabo, KABLA ya fleksi, kile kipande cha bomba kinachopinda. Ukiiweka baada ya fleksi, kila ikifunga presha inaishia kwenye fleksi, na itapasuka tu. Halafu swichi ya klachi na ya pedali ya mafuta ziwe hai, maana breki hiyo inatakiwa ijiachie ukikanyaga mojawapo.

Kuunga kipande sikushauri. Lile bomba lilipangiwa injini ya cc 3,567 inayovuta hewa yenyewe, wewe unaweka cc 3,907 yenye tabo. Inchi 2.5 inakutosha na inapita vizuri ubavuni mwa gia boksi. Inchi 3 siikatai kama nafasi ipo, ila jua eneo la uwazi wake wa ndani ni zaidi ya mara mbili ya lile la inchi 2, kwa hiyo hata kona zake zinataka nafasi.

Kona akukunjie kwa mchanga na moto, asikuungie vipande vipande. Mchanga uwe mkavu kweli: ukiwa na maji unatoa mvuke na kizibo kinaruka kama risasi. Akimaliza aligonge bomba mpaka punje ya mwisho itoke. Na akikuletea bomba la maji la mabati, kataa. Zinki ikiungua inatoa moshi mweupe, na mchomeleaji mwenyewe atalala na homa.

Tabo isibebe uzito wa bomba. Kabla ya fleksi lishikiliwe na gia boksi, baada ya fleksi lining'inie kwenye chasisi kwa mipira. Injini inatikisika, chasisi haitikisiki nayo. Ukisahau hilo flanji, ile sahani inayounga bomba na tabo, itapasuka.

Wa_Grogan
Sisi huku Nairobi tunazungushia bomba kitambaa cha joto. Yeye pia afanye?

FundiGerezani
Kipande kinachotoka kwenye tabo kupita chini ya kebini, sawa. Zaidi ya hapo hapana. Kitambaa kinashika maji, na chuma cha kawaida kinaoza humo ndani bila wewe kuona.

MbaoMafinga
Shikamoo mzee wangu. Nimekwenda kuangalia, kibati cha ekzosi breki kimekuja na injini, kinavutwa kwa vakyumu (mvuto wa hewa). Ila kimeganda kwa masizi, hakisogei. Fundi ameshashika nyundo.

FundiGerezani
Marahaba. Mnyang'anye. Kiloweke kwenye dizeli usiku kucha, kesho brashi ya waya, ukichezeshe kwa mkono mpaka kilegee. Shafti yake ikipinda hakifungi tena. Kipisi mwambie silensa inabaki, ya kupitisha moshi moja kwa moja inatosha. Na namba ya injini mpya ipeleke TRA ibadilishwe kwenye kadi kabla hujapakia mbao.