Naomba ushauri: filamu za Kihindi za polisi na watoza hafta (fedha za vitisho), nimwoneshe kijana zipi?

Mleta mada
Ndugu wanajukwaa, habari za jioni. Kijana wangu wa kidato cha tatu ameitazama Singham (2011) mara zisizo na hesabu, na sasa anaizungumzia kana kwamba ni mtaala wa chuo cha polisi. Juzi, tukiwa mezani, alisimulia kwa furaha jinsi Jaikant Shikre, bwana anayetoza watu fedha kwa vitisho kule Goa, anavyouawa na askari wenyewe, kisha wakapanga maelezo yao yakalingana. Nilipomuuliza mahakama ilikuwa wapi, alinijibu, "Baba, steringi ahitaji mahakama ya nini?" Sina nia ya kumkataza, maana nami nimekulia kwenye filamu hizihizi. Naomba mnitajie nyingine za mkondo huo zitakazomfanya aanze kujiuliza, ila ziwe na purukushani za kutosha asije akasinzia.

Mkaa Chumbageni
Ndugu, mtafutie Ardh Satya (1983) ya Govind Nihalani. Afisa wa polisi Anant Velankar, anayeigizwa na Om Puri, ana hasira kama za huyo steringi wa kijana wako, lakini siku moja anampiga mtuhumiwa mahabusu mpaka anakufa, na ili ajinusuru analazimika kwenda kumpigia magoti Rama Shetty, jambazi yuleyule aliyekuwa akimwinda. Shetty anakubali kumsaidia, kwa sharti kwamba awe mtu wake. Velankar anamkaba koo na kumwua, kisha anakwenda kujisalimisha. Mkishafika hapo zima runinga, mwache kijana azungumze.

Bibi Popoo
Mimi ningeanza na Satya (1998) ya Ram Gopal Varma, kwa sababu inaonesha hafta inavyotozwa kuanzia chini. Hafta kwa Kihindi ni wiki, na ndilo jina la fedha ambazo mwenye duka au mjenzi hulipa ili asiguswe. Ukiwasikia wakitaja supari, wanasema popoo, ileile tunayotafuna na tambuu, ila kwa wahuni wa Mumbai kumpa mtu supari ni kumkodi akaue. Mambo haya hayakutungwa hewani: Agosti 1997 Gulshan Kumar, mwenye kampuni ya muziki ya T-Series, alipigwa risasi nje ya hekalu huko Andheri, mtaa wa Mumbai, na watengenezaji wengi wa filamu walikuwa wakipokea simu za vitisho. Ninakuonya tu kwamba matusi yamo mengi, kwa hiyo itazame kwanza peke yako.

Mkaa Chumbageni
Bibi, kwa matusi hayo mzee atashika rimoti usiku kucha.

Karani Mstaafu
Naomba niitetee Singham kidogo. Kuna pale Shikre anapotakiwa kufika kwenye kituo kidogo cha kijijini kutia saini ya dhamana. Anawatuma watu wake, Singham, yule inspekta ambaye ndiye steringi, anakataa, anamtaka aje mwenyewe. Anakuja, anatia saini, anaondoka ameaibika, na kisasi chake hakianzii kwenye bastola bali kwenye barua ya uhamisho, inayompeleka Singham Goa, kwenye himaya yake Shikre. Mimi nimefanya kazi serikalini, na hapo niliitikia kwa kichwa. Muulize kijana ni nani aliyeitia saini barua ile. Kisha mwoneshe Ab Tak Chhappan (2004), ambamo Nana Patekar ni Sadhu Agashe, afisa anayehesabu aliowaua, hadi anapoletewa mkuu mpya mwenye urafiki na bosi wa genge, na bunduki yake ikawa inamfagilia njia jambazi mmoja dhidi ya mwenzake.

Mleta mada
Ninawashukuru nyote. Jumamosi tunaanza na Ab Tak Chhappan, kisha Ardh Satya, na hiyo Satya nitaichungulia mwenyewe kwanza. Je, kuna mwenye nakala ya Ardh Satya yenye tafsiri ya maandishi chini? Kihindi changu kinaishia kwenye nyimbo.