Naombeni ushauri: wamenizoea mpaka wamesahau kuwa mimi ni mtafiti

Habari zenu wakuu. Nafanya utafiti wa ethnografia (ule wa kukaa na watu na kujifunza maisha yao kwa karibu) kwenye karakana ya mafundi cherehani. Huu mwezi wa nne nashinda nao: nafagia vipande vya vitambaa, natunga uzi kwenye sindano, nasikiliza. Mwanzoni nikitoa daftari tu, maneno yanakatika; mmoja akawa anaongea kama anasoma taarifa ya habari. Nikaliacha. Siku hizi naandika maneno mawili matatu kiganjani nikienda chooni, usiku ndiyo najaza yote.

Juzi fundi mmoja, huku akipiga pasi kola bila kuniangalia, alinieleza wanavyogawana kazi za pembeni bila bosi kujua. Kwangu hapo ndipo penye utafiti wenyewe. Ila waliridhia nichunguze ushonaji, si hayo, na sidhani kama alikumbuka naandika. Kubadilisha majina hakusaidii. Wako saba tu, bosi atawajua.

Malinowski mwenyewe, mwanaanthropolojia maarufu aliyekaa visiwa vya Trobriand (Papua New Guinea) kwa vipindi kati ya 1915 na 1918, shajara yake ilipochapishwa 1967 ilizua kelele kwa aliyoyasema kuhusu wenyeji wake. Nami nina shajara ya pembeni (imejaa malalamiko, kusema kweli), lakini hainipi jibu.

Mliowahi kukaa uwandani, mlirudi kuomba ridhaa upya? Mlianzaje bila kumtisha mtu? Halafu msimamizi wangu anadai idadi ya mahojiano, na sijarekodi hata moja. Nimjibuje?