Ngitili ya kijiji igawiwe kaya? Napinga

Kila kiangazi hoja hii inarudi kwenye mikutano ya vijiji huku Usukumani: ngitili ya kijiji imekaa bure, vijana hawana mashamba, basi ipimwe, kila kaya ipewe kipande ilime pamba au mpunga. Ndugu zangu, mimi napinga.

Kwa wasioijua, ngitili ni eneo linalofungwa mvua zikianza, mifugo isiingie, majani yakue, kisha hufunguliwa malisho ya nje yakiisha. Ni utaratibu wa wazee wetu, hatukuletewa na mradi. Mkoloni alifyeka mapori kupambana na mbung'o, pamba ikameza mengine, halafu Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 ikawahamisha watu mbali na ngitili zao. HASHI, yaani mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ilipoanza mwaka 1986 ngitili zilikuwa zimebaki kama hekta 600. Ilipofungwa mwaka 2004 zilikuwa zimepita hekta 300,000, na sehemu kubwa haikupandwa mti: watu walifunga ardhi, visiki vikachipua. Hiyo ndiyo ardhi inayoitwa ya bure?

Wanaotaka kugawa wana hoja moja nzito. Ngitili ya mtu binafsi hulindwa vizuri zaidi. Ya kijiji huingizwa ng'ombe usiku, na wapo viongozi wanaoikodisha kimyakimya. Ni kweli, na inauma. Lakini tukigawa, mwenye ng'ombe mia mbili atanunua vipande vya majirani kimoja kimoja, hasa mwaka wa njaa. Mjane asiye na hata mbuzi, ambaye leo anapata humo kuni, nyasi za kuezekea na dawa, atabaki nje ya ua wa minyaa. Na ngitili iliyo mteremkoni ikilimwa, udongo utaishia kwenye lambo tunalonywesha mifugo wote.

Dawa ya wizi ni kuisimamia ngitili. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inakipa kijiji mamlaka: tuandike mipaka, mapato ya malisho yasomwe kwenye mkutano mkuu, na dagashida, baraza letu la jadi, itoze mchenya, yaani faini, bila kuuliza mkosaji ni mtoto wa nani. Vijana wapewe kwanza nafasi ya kutundika mizinga humo.

Wa Meatu, Maswa na Kishapu, kama kijiji chenu kilishagawa, tuambieni: vipande vile leo viko mikononi mwa nani?